Laana Iliyowekwa Akiba

Mwalimu Evarist aliposema kwamba kuna nchi zinazotengeneza mabomu ya kufuta miji mizima, halafu zinayatunza kwa uangalifu na kuomba yasije yakatumika, darasa lote lilicheka isipokuwa Gaudensia. Yeye alimsogeza mtoto vizuri mgongoni akaendelea kusikiliza. Tangu aanze masomo ya jioni, hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kufundishwa jambo alilokuwa akiishi nalo.

Ilikuwa Jumatatu, kama saa kumi na moja jioni, pale Dongobesh, katika darasa la shule ya msingi ambalo watu wazima huachiwa watoto wakishakwenda makwao. Madawati ni ya watoto. Ukikaa, magoti yanakuja kifuani, na mwenye mtoto mgongoni hana budi kukaa upandeupande. Wiki ile redio zilikuwa zimejaa habari za mataifa ya mbali yanayotishiana, na mwalimu alitaka wanafunzi wake, wengi wao wakulima, wenye vibanda na akina mama, waelewe watu wanazungumzia nini. Akawasimulia habari ya ile miji miwili ya Japani iliyoteketezwa mwaka 1945, pamoja na watoto wake na wagonjwa wake waliolala vitandani, na kwamba tangu hapo hakuna aliyethubutu kutumia tena bomu la namna hiyo vitani. Wenye nayo wanaogopana. Kila mmoja anajua kwamba akimpiga mwenzake, mwenzake naye, hata kama anakufa, atanyoosha mkono wa mwisho na kurudisha, na wote watakwisha.

"Sasa ticha," akasema Sulle, dereva wa bodaboda aliyekaa dawati la nyuma, "kitu cha kununua halafu usikitumie, si bora wangenunua trekta?"

Watu wakacheka tena. Mwalimu Evarist, ambaye alikuwa Mhaya wa Muleba aliyeletwa huku na kazi, na aliyekuwa bado anavaa masweta mawili kwa baridi ya Mbulu, akasema wanakitumia kila siku. Kazi ya kitu hicho ni kuogopwa tu.

"Ni kama lo'o," akasema Gaudensia.

Hakuwa amekusudia kusema kwa sauti. Wairaqw wote waliokuwamo wakageuka kumtazama, na mwalimu akauliza hiyo lo'o ni kitu gani. Basi akaeleza. Lo'o ni laana ya kiapo. Mzee aliyedhulumiwa husimama mbele ya jua linapochomoza akatamka maneno, na maneno hayo yakishatoka hayaitwi yakarudi. Humfuata mdhulumu, watoto wake, wajukuu, ng'ombe, hata mimba iliyo tumboni. Mapadri wamehubiri miaka na miaka kwamba ni giza la zamani, na watu wanaitikia amina, lakini hakuna mtu kijijini kwake Maretadu anayeweza kusikia neno hilo akaendelea kutafuna chakula chake.

Akaeleza pia habari za kwao, kwa kuwa mwalimu alimwomba aendelee. Baba yake mzazi, mzee Tluway, na baba mkwe wake, mzee Akonaay, wanapakana, na kati yao kuna kipande cha shamba kandokando ya kijito ambacho kila mmoja alisema ni chake. Miaka kumi na moja iliyopita walipigania kipande hicho kwa fimbo, wao na ndugu zao, mpaka mtu mmoja akapoteza jicho. Wazee wa kijiji wakachora mpaka. Kila mmoja wa wale wawili akasimama mbele ya watu akasema: huyu akiuvuka mpaka huu, nitatamka. Mwenzake akasema: akitamka, nami nitatamka asubuhi hiyohiyo. Tangu siku ile hakuna aliyeinua hata ufito. Ng'ombe akielekea mpakani anakimbiliwa kama mtoto anayeelekea motoni. Na Gaudensia alipopendana na Cyprian, kijana wa Akonaay, wazee hawakuleta neno la kupinga. Walikunywa pamoja siku ya harusi, kila mmoja na laana yake tumboni.

Mwalimu akafurahi hata akasahau baridi. Akaandika ubaoni mada ya mdahalo wa Ijumaa: Silaha za nyuklia zimelinda amani ya dunia. Akamweka Gaudensia na Sulle upande wa kuunga mkono, na Belinda, muuza mitumba wa sokoni, upande wa kupinga. Mfano unao nyumbani, akamwambia Gaudensia, hata kitabu huhitaji.

Alirudi Maretadu nyuma ya pikipiki ya Sulle akiwa na furaha ya mtu aliyesifiwa mbele za watu. Mvua kubwa ya msimu ilianza kuwanyeshea wakiwa njiani, na Sulle akasema kwamba akishinda mdahalo atagombea udiwani. Bona, mtoto wa miezi kumi na minne, alilala usingizi ndani ya kanga mpaka nyumbani.

*

Mvua ile ilinyesha hadi alfajiri. Jumanne asubuhi Gaudensia alibeba ndoo akashuka kijitoni, Bona mgongoni, akakuta maji yamepanda na kurudi, yameacha matope na magogo. Na mnyaa wa kona, ule uliopandwa na wazee kuwa alama ya mwisho ya mpaka, ulikuwa umelala chini, mizizi juu.

Alisimama hapo kwa muda. Kijito kilikuwa kimelamba ukingo, na mahali pa shimo palikuwa pamesawazishwa na matope, pote sawa. Desturi ilikuwa wazi na aliijua: alama ikianguka, haiguswi mpaka pande zote mbili zije kuiona pamoja. Lakini aliwaza jinsi baba mkwe wake angeushuka mteremko akaukuta umelala, na jinsi baba yake, ng'ambo, angekuwa ameuona tayari, na maneno ambayo yangefuata. Aliwaza pia kwamba katika dunia hii kuna watu wawili tu wenye damu ya pande zote mbili au wenye kula pande zote mbili, yeye na mtoto aliye mgongoni mwake. Kama kuna mkono usio na upande, ni wake. Mnyaa hauna shida ya kupandwa. Ukiuchomeka tu, unashika. Akakadiria kwa kuangalia jiwe kubwa la kufulia, akachimba kwa gongo, akausimamisha, akaukanyagia udongo kwa kisigino. Kisha akanawa mikono mara tatu kwenye maji, kwa sababu utomvu wa mnyaa hupofusha macho na mtoto alikuwa bado ananyonya.

Alipanda kurudi nyumbani akijiona ametenda jema dogo ambalo halihitaji kusimuliwa.

Mchana mzee Akonaay alishuka kuangalia maharage yake. Alichelewa kurudi. Aliporudi hakupaza sauti. Aliweka jembe, akakaa kwenye kigoda chake, akamwita mke wake Filomena, akamwambia kwamba mnyaa wa kona umetembea. Umetembea hatua tatu kuja kwake. Alizipima mwenyewe kwa miguu, mara mbili. Tluway ametumia mvua kuficha nyayo, akasema, na amefanya hivyo kwa kuwa anadhani mimi nimezeeka.

Gaudensia alikuwa anapepeta mahindi. Ungo ulisimama mikononi mwake.

Kabla hajapata neno, Akonaay alikuwa ameshamtuma jirani yao mzee Hermani ng'ambo ya kijito kupeleka ujumbe. Ndivyo inavyotakiwa. Mzee hatamki siku hiyohiyo akiwa na hasira. Hulala nalo mara mbili, na mwenzake hupewa habari ili naye alale nalo. Asubuhi inayofuata wote wawili husimama mpakani. Hermani alirudi jioni na jibu. Tluway alisema hajagusa mnyaa. Alisema Akonaay mwenyewe ndiye aliyeusogeza ili apate sababu, kwa kuwa amekuwa akitafuta sababu miaka kumi na moja. Na alisema Alhamisi jua likichomoza atakuwepo, na chochote kitakachotoka ng'ambo kitakuta kingine njiani.

*

Jumatano asubuhi Gaudensia alipiga magoti mbele ya baba mkwe wake. Alimwamkia, akaitikiwa, na akasema yote: mvua, ndoo, jiwe la kufulia, kisigino. Alisema amekosa, na kwamba kama kuna wa kuadhibiwa ni yeye.

Akonaay alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Tangu Gaudensia aolewe hajawahi kumkaripia. Mahindi machanga ya kwanza kila mwaka humwekea yeye.

"Mama Bona," akasema, "nyanyuka, sakafu ina baridi. Baba yako amezaa binti mzuri. Kama ningekuwa na binti, ningetaka anifichie aibu yangu hivyohivyo."

"Simfichi baba. Ni mimi, kweli kabisa."

"Nani alikuona?"

Hakuna aliyemwona. Shahidi wake alikuwa mmoja tu, alikuwa mgongoni, na alikuwa hajui kusema.

Akamwambia yuko tayari kula kiapo. Hapo Akonaay aliinua mkono kama anayezuia pigo. Alisema hatamruhusu mtoto wa watu kuapa uongo kwa ajili ya kumwokoa baba yake, maana kiapo kingemuua yeye na kumwacha Bona bila ziwa. Alimkataza kwa huruma tupu, na huruma ile ikafunga mlango wa mwisho uliokuwa wazi upande huo.

Akavuka kijito. Maji yalimfika magotini. Mzee Tluway alikuwa uani ananoa panga la kukatia majani ya ng'ombe, na alipomwona binti yake aliacha, akampakata mjukuu, akamruhusu amvute ndevu. Gaudensia akarudia maneno yaleyale. Baba yake hakukasirika pia. Alitikisa kichwa kwa masikitiko akasema wamemtuma. Akonaay ameona mambo yamekuwa makubwa, akasema, sasa anamtumia mwanangu aje kuniambia hakuna aliyekosa, ili Alhamisi nibaki nimelala huku yeye amesimama.

"Hakunituma, baba. Hata haniamini."

"Basi kwa nini niamini mimi, kama mwenye nyumba yako hakuamini?"

Bona alikuwa amepata kifungo cha koti la babu yake na anajaribu kukila. Gaudensia akamnyooshea kidole.

"Na huyu je? Mkitamka nyote, huyu atakuwa wa nani? Mtampiga kutoka pande zote mbili."

Tluway alimtazama mtoto kwa muda mrefu, na macho yake yalijaa, hilo Gaudensia aliliona wazi, hakulibuni.

"Ndiyo maana Akonaay hatathubutu," akasema. "Damu yake imo humo."

Alivuka tena kurudi. Alimkuta Akonaay anatazama mawingu, naye akamuuliza swali lilelile, kwa maneno yaleyale, kwa kuwa hakuwa na mengine. Na Akonaay akampa jibu lilelile, hata mpangilio wake haukubadilika. Ndiyo maana Tluway hatathubutu. Damu yake imo humo.

Ndipo Gaudensia akaelewa harusi yake. Hakuna aliyemdanganya, na Cyprian alimpenda kweli, na yeye alimpenda Cyprian. Lakini wazee wale wawili hawakuwa wameleta neno kwa sababu kila mmoja alijua kwamba siku ikifika, mwenzake atakuwa na mtoto wa kumwonea huruma. Bona alikuwa amewekwa katikati kabla hajazaliwa.

Alipanda kilimani penye mtandao akampigia Cyprian, aliyekuwa Hanang akiendesha trekta kwenye mashamba ya ngano. Upepo ulikuwa unakata maneno. Cyprian alimwambia asiogope, hao wazee wametishiana miaka kumi na moja na hakuna kilichotokea. Gaudensia akamuuliza kama ana uhakika. Trekta ikanguruma nyuma yake, kisha Cyprian akasema hana, na kwamba hata akipata gari sasa hivi atafika Alhamisi mchana. Gaudensia akaenda kwa katekista, akaambiwa ataombewa, na kwamba suala hilo limeshahubiriwa kila Kwaresima. Alikwenda kwa mtendaji wa kijiji, naye alimsikiliza kwa adabu sana, akasema serikali haitambui laana. Kama ni mgogoro wa mpaka, walalamikaji waje wenyewe Jumatatu.

Filomena, mama mkwe wake, ndiye pekee aliyemwamini. Alimwambia hivyo wakiwa wanachambua maharage, bila kuinua uso. Alisema aliona udongo wa kijitoni kwenye kisigino chake ile Jumanne, na mtu aliyechota maji tu hachafuki kisigino kimoja.

"Sasa mama, si umwambie baba?"

"Nilimwambia jana. Akasema wewe na mimi tunapendana." Filomena akatupa harage bovu. "Mwanamke hasemi mambo ya mpaka. Tunalima tu."

*

Alhamisi kulikuwa na ukungu mwepesi. Filomena alikaa kwenye kizingiti, miguu ameinyoosha, ili mkwewe asipate njia ya kutoka. Mwenye kunyonyesha hatakiwi kuwa karibu na maneno yale. Lakini kutoka mlangoni mteremko wote unaonekana hadi kijitoni, na Gaudensia alisimama nyuma ya bega la mama mkwe wake akaona. Huku alikuwa Akonaay katika blanketi lake jekundu, fimbo mkononi. Ng'ambo alikuwa baba yake katika koti lile lenye vifungo. Hermani alisimama mbali kidogo, shahidi. Katikati yao palikuwa na ule mnyaa, umesimama wima, kijani, bila kunyauka hata kidogo. Ulikuwa umeshashika.

Jua lilipenya. Ukungu ukaanza kupanda. Wazee wale wakageuza nyuso zao mashariki.

Gaudensia alimkumbatia Bona kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Aliziba masikio ya mtoto kwa viganja, ingawa alijua laana haipitii masikioni. Alijaribu kusali akakuta amesahau hata Baba Yetu inavyoanza. Kitu pekee alichoweza kufanya ni kuangalia midomo, na kwa mbali vile midomo haionekani. Mtu angeweza kuwa anatamka, au anapumua tu. Hivyo ndivyo alivyosimama, sijui robo saa, sijui saa nzima, akiwatazama wanaume wawili aliowapenda wakiamua, na yeye hana hata neno la kuwarushia, na hata kama angekuwa nalo lingekuwa kweli, na ukweli alikuwa ameshautoa wote jana.

Kisha Akonaay akajifunga blanketi vizuri, akageuka, akaanza kupanda mteremko. Ng'ambo, koti likageuka pia.

Akonaay alipofika uani alikuwa amechoka kama mtu aliyebeba gunia. Filomena alivuta miguu, akampisha. Mzee akaomba chai.

"Hatukutamka," akasema alipokwisha kunywa nusu kikombe. "Nilimsubiri aanze. Hakuanza."

Gaudensia alianguka chini miguuni pake akilia na kushukuru. Akonaay akamwambia asishukuru. Mnyaa uko pale ulipo, akasema, na hakuna atakayeugusa, kwa maana atakayeugusa atakuwa amekiri. Nimeyarudisha ndani tu. Yapo.

*

Ijumaa Gaudensia alikwenda darasani kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Habari ilikuwa imeshafika Dongobesh kabla yake, Sulle alihakikisha. Na Sulle ndiye aliyefungua mdahalo. Alisimama akavuta koti kama mheshimiwa akasema kwamba yeye hatazungumzia Ulaya wala Marekani. Atazungumzia jana. Jana, Maretadu, wazee wawili wamesimama na laana mdomoni, kila mmoja amedhulumiwa, kila mmoja ana haki yake. Wangekuwa na fimbo tu, leo tungekuwa tunapeleka watu hospitali. Lakini kwa kuwa walikuwa na kile kikubwa, wamekwenda nyumbani wakanywa chai. Sasa Belinda atuambie, chai ile imeletwa na nini kama si woga?

Watu walipiga makofi na madawati. Belinda alijaribu. Alisema dunia haiwezi kukaa hivyo siku zote, kwamba mtu akikupa amani huku ameshika shingo ya mtoto wako hajakupa amani, kakupa zamu ya kungoja. Sulle alimjibu kutoka nyuma kwamba zamu ni bora kuliko matanga. Watu wakacheka, na hata Belinda alitabasamu.

Ikafika zamu ya Gaudensia. Alikuwa ameandika kurasa mbili za daftari siku ya Jumatatu, kwa mwandiko mzuri, hoja ya kwanza hadi ya nne. Hakulifungua.

"Mimi nimepangwa kuunga mkono," akasema, "na ni kweli hawakutamka. Sulle amesema kweli. Kwa hiyo naunga mkono." Akamhamisha Bona kutoka bega moja kwenda jingine. "Lakini mnyaa niliusogeza mimi."

Wa mbele wakageuka kwenye madawati yao, naye akaendelea.

"Hakuna aliyemvamia mtu. Mvua ilinyesha. Mimi nikataka kusaidia, nikakosea hatua tatu. Nimewaambia wote wawili, na hawakuniamini, kwa sababu watu waliokaa miaka kumi na moja wakingojea kudhulumiwa, ukiwaambia hawajadhulumiwa wanaona unawachezea. Nataka kumuuliza mwalimu. Hao wenye mabomu, nao huwa wanakosea hatua tatu?"

Mwalimu Evarist alivua miwani. Alisema ndiyo, imewahi kutokea. Mitambo ya kuangalia angani imewahi kuonyesha mabomu yanakuja, kumbe hakuna kitu.

"Wakafanyaje?"

"Kuna aliyekuwa zamu akasubiri. Akasema labda mtambo umekosea."

"Alikuwa nani?"

"Mtu tu," akasema mwalimu. "Mtu wa kawaida aliyekuwa kazini."

Gaudensia alikaa. Alitaka kusema zaidi. Alitaka kusema kwamba hajui hadi leo kama wazee wale walizuiwa na woga au na mapenzi au na mafua, na kwamba yeye angependa ajue, kwa kuwa asubuhi nyingine inakuja. Lakini machozi yalikuwa yameanza kumtoka, na mwalimu alikuwa ameshaomba watu wanyooshe mikono. Waliounga mkono walikuwa kumi na wanne. Waliopinga walikuwa watano.

"Hongera, mama Bona," akasema Belinda wakitoka nje, akimfunga mtoto kofia kichwani. "Mmetushinda."

"Sikutaka kushinda."

"Sasa si ungekaa kimya," Sulle akasema, akipiga pikipiki kiki. "Ulipoanza tu kulia, kura nne zikaja kwetu." Lakini njia nzima hadi Maretadu hakufanya mzaha tena, na alipomshusha alikataa nauli.

Jua lilikuwa bado halijazama. Filomena alikuwa ameshapika uji wa mtoto, na Akonaay alikuwa amekaa kwenye kigoda na kikombe cha uji mkononi, anamsubiri mjukuu wake. Ilikuwa kazi yake kila jioni, hakumruhusu mtu mwingine. Alimpokea Bona, akampakata gotini, akachota kijiko, akakileta karibu na mdomo wake mwenyewe, akapuliza. Alipuliza polepole, midomo imebanwa, macho yamefungwa kidogo, kama anayepuliza kaa la mwisho lisizimike. Akajaribu kwa ncha ya ulimi. Bado moto. Akapuliza tena.

Gaudensia alisimama na daftari lake. Ulikuwa mdomo uleule.

"Baba," akasema, "yale maneno. Huwezi kuyasahau?"

Akonaay alifikiri. Hakuonekana kuudhika na swali.

"Hayasahauliki," akasema. "Baba yangu alinifundisha nikiwa na miaka ishirini. Nami mwakani nitamfundisha Cyprian, maana siku zangu si nyingi. Asipoyajua, nani atawaogopa? Na huyu akikua, Cyprian atamfundisha." Akamtazama mtoto kwa upendo ambao hakuna mtu angeutilia shaka. "Nataka akae salama."

Gaudensia alitaka kusema hapana. Aliapa moyoni kwamba atasema, si leo, lakini kabla ya mwakani. Kwamba atasubiri Cyprian arudi na watakaa wawili walitafute neno la kumwambia mzee huyu bila kumvunja, na kama halipo katika Kiswahili wala katika Kiiraqw, yeye bado ana mihula miwili ya masomo ya jioni. Chini, kijitoni, mnyaa ulikuwa unaonekana vizuri kwa mwanga ule, kijani, hatua tatu nje ya mahali pake.

Uji ulikuwa umepoa. Mzee akasogeza kijiko, na Bona akafungua kinywa.